Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya misitu ya hifadhi: kamera inatozwa, ndege halindwi

Kwa wenye dhamana ya misitu ya hifadhi ya serikali,
kuanzia wizarani hadi dirisha la malipo getini.

YAH: KERO ZA WATAZAMA NDEGE NA WAPIGAPICHA ZA NDEGE

Waheshimiwa, salaam.

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni kikundi cha watazama ndege. Kati yetu wamo walimu, wanafunzi wa chuo, fundi simu na mzee mmoja mstaafu wa reli ambaye kwa kutambua sauti za ndege anatushinda wote. Tunachanga, tunakodi Hiace, tunabeba chapati na chai ya chupa, tunakwenda msituni. Darubini zetu nyingi ni za mtumba na kamera zetu vilevile. Hatuna kampuni wala mfadhili, na picha tunazopiga zinaishia kwenye simu zetu, kwenye darasa la mwalimu na kwenye kumbukumbu za nani ameonekana wapi na lini.

Barua hii isingefika hadharani kama zile za bahasha zingejibiwa. Tumejaza kitabu cha maoni getini. Tumepeleka barua kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala tunayo. Tumepiga simu, tukaambiwa faili liko mezani kwa mkubwa, na mkubwa yuko safari. Tumesubiri kwa adabu mpaka adabu yenyewe imeanza kuonekana ujinga.

Msitu uliotufikisha hapa sitautaja. Kwanza, wenzetu wa mikoa mingine wanasimulia yaleyale, kwa hiyo shida si ya geti moja. Pili, najua mambo yanavyokwenda: nikitaja geti, atakayeitwa ajieleze ni askari wa zamu, kijana ambaye kanuni hizi hakuzitunga na mara nyingi hajawahi hata kuonyeshwa zilipoandikwa. Ninyi mliozitunga ndio nawaandikia.

Dai letu ni moja, ingawa nitalieleza kwa vipengele. Mmeweka ulinzi mkali juu ya kamera, na ndege mmemwacha bila mlinzi. Anayeingia na lenzi ndefu anasimamishwa, anahojiwa, anatozwa. Akishavuka kizuizi, anaweza kumfanyia ndege atakalo mpaka jioni, na hakuna wa kumuuliza.

1. Geti linafunguliwa ndege wakiwa wameshanyamaza

Nianze na saa, kwa sababu hili halihitaji bajeti wala semina.

Ndege wa msituni ana saa zake za kazi. Kabla jua halijachomoza bado ni giza, hawezi kumwona mdudu kwenye jani. Lakini hewa imetulia na sauti inafika mbali. Basi hiyo ndiyo saa ya kuimba, kutangaza mpaka wake na kumwita mwenziwe. Kukipambazuka anaanza kula. Ndipo unapoyaona makundi mchanganyiko, ndege wa aina nyingi wakipita pamoja, huyu akipekua magome, yule majani ya chini, mwingine akidaka wadudu wanaokurupushwa na wenzake. Ukikutana na kundi kama hilo asubuhi njema, kwa dakika chache unaona ndege ambao usingewaona kwa kutwa nzima ukizunguka peke yako. Joto likipanda, kwenye saa 4 au saa 5, msitu unanyamaza ukadhani umehamwa. Hata mkulima yeyote anayeamka mapema kwenda shamba atawaambia hivyo.

Geti letu linafunguliwa saa 2. Hiyo saa 2 ni ya kufungua dirisha. Mtandao unapatikana saa 2 na nusu, namba ya malipo inatoka saa 3 kasoro robo, kisha mnasubiri ujumbe wa simu uthibitishe kwamba fedha imeingia. Wakati huo huo tunawasikia kwa masikio yetu, upande wa pili wa mnyororo, hondohondo wakipiga kelele kwenye miti ya matunda na kulukulu akijibizana na mwenzake. Tukiruhusiwa kuingia, nusu ya safari yetu imeshakwisha.

Mpigapicha anaumia zaidi. Ndani ya msitu mnene mwanga ni mdogo hata mchana. Asubuhi angalau ni laini, unaenea sawasawa. Ukichelewa, jua linatoboa matawi, jani moja linawaka jeupe kama taa na ndege aliye chini yake anatoka kivuli cheusi. Unapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400, unapunguza kasi ya shata, unashika pumzi, na bado unarudi na picha ya chengachenga.

Mtasema alfajiri ni hatari. Waheshimiwa, hifadhi zetu za taifa zenye simba, nyati na tembo hufungua mageti saa 12 asubuhi, na wageni wanaingia bila mtu kushangaa. Msitu tunaouzungumzia una mbega, kima, pelele na paa. Kiumbe aliyewahi kututoa mbio humo ni siafu.

Mtasema watumishi ni wachache. Ni kweli, na tunawaonea huruma. Lakini malipo yangeweza kufanywa siku moja kabla, majina yakaachwa kwa askari wa zamu ambaye analala pale pale kambini, naye akafungua mnyororo akarudi kwenye chai yake. Saa ya ziada ya kazi kwa asubuhi zile tu ambazo kuna kikundi kilichojiandikisha. Kama hata hilo ni zito, semeni ni kiasi gani, tutachangia.

2. Kamera inapimwa kwa urefu wa lenzi

Getini kuna kanuni kwamba upigaji picha wa kibiashara unahitaji kibali na ada yake. Hatuna ugomvi na kanuni hiyo. Kampuni inayopiga filamu ya kuuza ilipe, na ilipe vizuri.

Shida ni namna ya kumtambua mfanyabiashara. Hakuna maandishi ubaoni yanayosema biashara ni nini. Kwa hiyo askari anatumia macho. Anaitazama kamera, anaipima lenzi kwa kiganja, anamwangalia mwenzake, kisha hukumu inatoka: "Hii ni ya kazi." Tuliwahi kubishana kwa heshima kuhusu lenzi moja ya milimita 400, kuukuu, rangi imebanduka, pete ya kulengea imefungwa utepe wa mpira. Mwenyewe ni mwalimu wa sekondari. Aliambiwa alipie kibali ambacho bei yake inazidi thamani ya lenzi yenyewe. Akaiacha getini, akaingia na daftari.

Wakati hayo yakiendelea, vijana wa video ya muziki walipita na simu, taa ya duara na spika. Walikwenda kupiga kazi ya kuuza, hawakufanya siri, na hawakuulizwa kitu kwa sababu hawakubeba lenzi ndefu.

Naomba mnielewe kwa nini mtazama ndege anabeba lenzi ndefu. Chukueni chozi wa Amani, ndege anayeitwa kwa jina la Amani yetu, kule milima ya Usambara. Dume ana kichwa cha kijani kinachometameta na tumbo jeupe, urefu wake haufiki sentimita 10, na hupenda vilele vya miti, mita 20 na zaidi juu ya kichwa chako. Kwa simu utapata picha ya mti. Lenzi ndefu ndiyo inayomwezesha mtu asimame mbali, asimsumbue ndege, na bado aone rangi ya kifua ili asimchanganye na chozi mwingine. Kwa maneno mengine, kifaa mnachokitoza zaidi ndicho kinachompa ndege nafasi ya kupumua. Mkimfukuza mwenye lenzi ndefu, mnabaki na wenye simu, na mwenye simu hana budi kusogea.

Kipimo kiwe matumizi ya picha. Mtu atie sahihi fomu ya ukurasa mmoja kwamba picha si za kuuza; akikutwa ameuza bila kibali, atozwe faini. Mtasema watu watadanganya. Baadhi watadanganya, ndiyo. Hata sasa wanadanganya. Wanaficha lenzi chini ya viti vya gari. Tofauti ni kwamba fomu ina jina na sahihi, na kiti cha gari hakina.

Na mkiamua kututoza hata hivyo, tozeni kwa bei iliyobandikwa ukutani kwa Kiswahili, iwe ileile Jumatatu na Jumamosi, kwa zamu hii na zamu ile.

3. Sauti za kuwaita ndege

Hapa naomba msome polepole, kwa sababu ndipo kiini cha barua kilipo.

Siku hizi kila simu ina sauti za ndege. Programu ni za bure, unachagua aina, unabonyeza, spika ndogo ya bluetooth inaimba. Ndege anajitokeza, kamera zinalia, kila mtu anafurahi. Kwa waongoza watalii imekuwa njia ya mkato: mgeni ana orodha ya ndege anaotaka, muda ni mfupi, bahashishi inategemea orodha.

Sasa tazameni upande wa ndege. Dume aliyeshika eneo lake anasikia dume mwingine ndani ya mipaka yake, karibu kabisa na kiota. Anaacha kula. Anaacha kuleta chakula kwa makinda au kulinda jike aliyelalia mayai. Anatoka mafichoni, mahali ambapo kipanga angeweza kumwona, anaruka huku na huku akimtafuta mvamizi asiyekuwepo. Anaimba mpaka unaona koo linatetemeka na manyoya ya kichwani yamesimama. Sauti inarudiwa, maana mmoja kwenye kundi hakupata picha. Inarudiwa tena. Kikundi kinaondoka na baada ya saa moja kinakuja kingine, na kwa kuwa njia inayopitika ni hiyohiyo, wanasimama palepale, wanamchezea ndege yuleyule.

Mara moja kwa nadra, pengine ndege hapati dhara kubwa. Lakini jozi inayoishi kando ya njia kuu ya wageni inachezewa msimu mzima, na hasa msimu wa kuzaliana, kwa sababu ndipo ndege anapojibu kwa hasira zaidi. Na si ndege wote wana akiba ya jamaa zao waliojificha ndani. Safu ya Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita kule Kenya hadi Udzungwa, ina ndege ambao ukiwatoa humo huwapati popote duniani. Wengine wanaishi kwenye vilima viwili vitatu tu. Yupo ndege mshoni mwenye mdomo mrefu wa Usambara Mashariki, ambaye nje ya hapo anajulikana mahali pamoja tu, kaskazini mwa Msumbiji. Anapenda vichaka vya mitambazi, mimea inayotambaa juu ya miti, kwenye uwazi wa msitu, yaani kwenye kingo za barabara, palepale ambapo spika zinasimama. Wageni wanavuka bahari kumtafuta. Kila mmoja akimwita mara tano, hesabuni wenyewe.

Nimeuliza getini kama kuna katazo. Jibu nililopewa: "Kupiga muziki hairuhusiwi." Nikasema si muziki, ni sauti za ndege. Askari akacheka, akasema basi ndege watafurahi.

Simlaumu, hakufundishwa. Ila ninyi mna wataalamu wa wanyamapori, mna vyuo, na jambo hili limeandikwa na kujadiliwa na watazama ndege duniani kwa miaka mingi. Tunaomba katazo la kucheza sauti za ndege msimu wa kuzaliana, na katazo la mwaka mzima kwa ndege walio hatarini kutoweka. Kwingineko, iwe kwa kiasi, kwa muda mfupi, na kamwe si kwa spika. Wageni hawatakimbia. Waliosafiri mbali kwa ajili ya ndege adimu wengi wao wanalijua hili, na wanashangaa sisi hatujali.

4. Bundi, viota na panga

Hili ni tawi la lile la juu, lakini nimeliona kwa macho na siwezi kulipita.

Bundi wa msituni, yule mwenye macho meusi, hulala mchana kwenye majani mazito, mara nyingi dume na jike wamebanana kwenye tawi moja. Tulikuwa nyuma ya kundi jingine lililoonyeshwa jozi kama hiyo. Walikuwa wamefumba macho, wamesinyaa, rangi yao na ya gome huwezi kuitenganisha mpaka uelekezwe kidole. Mgeni mmoja alitaka macho yawe wazi kwenye picha. Mwongozaji akashika mtambazi unaoning'inia chini ya tawi, akautikisa. Bundi wakafumbua macho. Fleshi zikapigwa mfululizo, usoni, kwenye macho yaliyoumbwa kukusanya mwanga mdogo wa usiku. Jike akaruka kwenda mti wa pili, kwenye uwazi, na hapo mlamba na shore wakamvamia kwa makelele, wakimdonoa mgongoni, mpaka akapotea bondeni. Kundi likaondoka limeridhika. Askari wa msitu alikuwepo, ameegemea gari.

Huyo ni bundi wa kawaida, anapatikana sehemu nyingi za Afrika. Sasa mfikirieni bundi mdogo wa Sokoke, ambaye duniani kote anajulikana pwani ya Kenya na kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki tu. Akihama pale anapolala kwa sababu ya fleshi, hana pengi pa kwenda.

Kuhusu viota: kuna wanaokata majani na vijitawi ili kiota kionekane vizuri. Wao wanaita kusafisha. Jani lililokatwa ndilo lililokuwa likikinga makinda na jua la saa 7, na ndilo lililokuwa likimzuia kima na kipanga asione. Baada ya picha, kiota kinabaki uchi. Mgeni anapata sifa mtandaoni, na mahali penyewe panatajwa, ili wa kesho naye aje na panga lake. Kwenye bango la getini kuna katazo la kuchuma maua. La viota sikuliona.

5. Msindikizaji asiyejua ndege, na mjuzi asiyeruhusiwa kusindikiza

Kanuni inasema kila kikundi kiwe na mwongozaji aliyesajiliwa. Kanuni nzuri. Lakini tunapewa kijana mwungwana ambaye ndege wote kwake ni "ndege", anayetembea mbele akizungumza na simu, na tunamlipia. Kijijini, nusu saa kutoka getini, kuna mtu aliyekulia ukingoni mwa msitu, anayejua kwa Kisambaa jina la kila kinacholia, anayejua mti gani umezaa matunda wiki hii na hivyo hondohondo watakuwa wapi. Huyo haruhusiwi. Hana cheti, hana sare, na ada ya usajili kwake ni mavuno ya msimu.

Mwaka 1991, huko Udzungwa, watafiti waliona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya kambi. Ndivyo sayansi ilivyomgundua kwale wa Udzungwa. Aliyekuwa anapika hakuwa na haja ya kumgundua. Yeye alikuwa anatafuta kitoweo. Huwa nakumbuka sufuria ile kila ninapoambiwa kwamba wanakijiji hawana utaalamu.

Wafundisheni wachache kila kijiji, wapeni vyeti kwa ada wanayoiweza, na muwape pia jukumu la kuzuia yale niliyoyataja katika kipengele cha 3 na cha 4. Mtu anayepata riziki yake kwa jozi ile ya bundi leo na kesho hatautikisa mtambazi kwa ajili ya bahashishi ya siku moja.

6. Ukimya wenu

Hapa sina mengi. Barua iliyopokelewa kwa muhuri ina haki ya kujibiwa, hata kwa kukataliwa. Tukikataliwa tutajua pa kuanzia.

Najua jibu ambalo halijaandikwa lakini tumelisikia mlangoni: watazama ndege ni wachache, hawaleti mapato, wenye magari ya watalii wa wanyama wakubwa ndio wanaoendesha nchi. Ni kweli tu wachache. Lakini msitu huu hauna tembo wa kumwonyesha mtu. Kilichomo ni ndege, vipepeo, vinyonga na miti. Kama hamtamkaribisha anayekuja kwa ajili ya hivyo, sijui mnamngoja nani. Tena mtazama ndege haji kwa saa mbili akaondoka. Analala kijijini, anakula kwa mama lishe, anarudi kesho kwa sababu leo hakumwona aliyemfuata. Anakuja hata masika, barabara ikiwa tope, kwa sababu ndipo wengi wanapojenga viota na kuimba, na wageni wengine hawapo.

Na uchache wenyewe una sababu. Nairobi kuna matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi, yamekuwepo tangu miaka ya 1970, anakuja mwanafunzi, anakuja mstaafu, anakuja mgeni wa jana. Kutokana na watu wa aina hiyo Kenya inajenga ramani ya ndege wake, mtu wa kawaida akituma alichokiona. Sisi pia tuna Atlasi ya Ndege wa Tanzania, iliyojengwa kwa sehemu kubwa na watu wanaojitolea kuandika walichoona. Kila asubuhi mnayotufungia nje ni ukurasa usioandikwa, na ni ninyi mnaouhitaji mkitaka kujua kama ndege wanapungua.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunayaomba kwa maandishi.

Geti lifunguliwe saa 11 na nusu alfajiri kwa vikundi vilivyojiandikisha na kulipa siku iliyotangulia. Bango la Kiswahili libandikwe getini likieleza ada zote za kamera na maana ya picha za biashara, na lenzi isiwe kipimo. Katazo la sauti za kuwaita ndege, la fleshi kwa bundi na la kukata majani kwenye viota liandikwe, lisomwe kwa kila anayeingia, na liwe na faini inayouma, kwa mwenyeji na kwa mgeni bila kubagua. Jozi za bundi zinazoonyeshwa zipumzishwe kwa zamu. Waongozaji wa vijijini wafundishwe na kusajiliwa. Hilo la mwisho litachukua muda, tunaelewa. Mabango hayachukui muda.

Mkiona kipengele chochote hakitekelezeki, tuambieni kipi na kwa nini. Tuko tayari kuitwa ofisini. Tuko tayari kuandika rasimu ya bango bure, na yule mstaafu wetu amejitolea kuja getini kuwafundisha askari sauti za ndege wa msitu ule, kwa nauli tu.

Siku ya Ndege Wahamao Duniani huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba. Oktoba ndipo wageni wetu kutoka kaskazini, mbayuwayu na keremkerem wa Ulaya, wanapoanza kuingia. Tunaomba Jumamosi hiyo ya Oktoba iwe ya majaribio ya geti la alfajiri. Sisi tutafika saa 11 na robo, stakabadhi za malipo mkononi, lenzi shingoni, spika hakuna. Tunaomba tumkute mtu mwenye ufunguo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu, kwa niaba ya kikundi cha watazama ndege,
Tanga.

Nakala:
Wenyeviti wa serikali za vijiji vinavyozunguka msitu
Waongoza watalii wa kanda
Walimu wa vilabu vya mazingira shuleni
Ubao wa matangazo getini, iwapo tutaruhusiwa kubandika